Mama anakuja Stockholm: nimpeleke Birka, au nitamchosha bure?

NuruYaTanga

Assalam alaykum, na habari zenu nyote mlioko huku baridini.

Mama yangu anakuja kutoka Tanga mwezi wa sita, atakaa wiki tatu. Ana miaka 68 na goti la kushoto linamsumbua. Ngazi anapanda, ila kwa kituo. Amefundisha historia shule ya msingi miaka thelathini na kitu, na mpaka leo ukikosea karne mbele yake atakusahihisha mezani, mbele ya wageni.

Alipokuja mara ya kwanza nilimzungusha madukani. Siku ya kuondoka akaniambia, "Mwanangu, nashukuru, maduka nimeyaona. Lakini watu hawa walianzia wapi?" Neno hilo limenikaa moyoni miaka minne. Safari hii sitaki aondoke bila jibu.

Nimesikia habari za Birka, mji wa kale wa biashara wa Waviking uliokuwa kisiwa cha Björkö katika Ziwa Mälaren. Mimi naishi Västerås, ziwa hilohilo liko dirishani kwangu, na sijawahi kufika huko. Kazini nikauliza. Mwenzangu mmoja Mswidi akaniambia nisipoteze pesa, hakuna kitu, ni majani na kondoo. Sasa nimebaki njia panda. Boti si rahisi kwa familia ya watu wanne (nina watoto wawili, 9 na 12), na siku nzima itakwenda.

Aliyefika aniambie ukweli. Je, kuna cha kuona? Goti la mama litahimili? Na watoto hawatanilalamikia?

kijana_wa_Solna

Dada Nuru, nilikwenda mwaka juzi na wageni. Boti inaondoka asubuhi katikati ya Stockholm, gatini karibu na Stadshuset, jumba la manispaa, inapita chini ya daraja la Västerbron, na safari ni kama saa mbili kwenda na mbili kurudi. Zipo pia safari fupi zinazoanzia upande wa Ekerö kama una gari. Ni za kiangazi tu, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kumwahidi mama, na ukate tiketi mapema. Soma vizuri tiketi inajumuisha nini, maana mara nyingi mwongozaji na makumbusho vimo humo humo. Bebeni koti hata kama jua linawaka, ule upepo wa sitahani si wa mchezo.

Kuhusu cha kuona, mimi sikuelewa sana. Kuna makumbusho madogo yenye sanamu za mji ulivyokuwa, kuna nyumba chache zilizojengwa upya kwa mtindo wa zamani, halafu ni vilima. Pazuri, lakini nilichoka.

BintiSiyu

Wa alaykum salaam, Nuru. Mpeleke. Nitaandika kwa kirefu, unisamehe, maana jambo hili liko karibu nami sana. Nimekwenda Birka mara saba.

Kwanza nikueleze aliyenipeleka. Niko kusini mwa Stockholm tangu 1998, kazi yangu ni kuzunguka majumbani kuwatunza wazee. Mmoja wao alikuwa bibi wa miaka 91, mzaliwa wa Ekerö, miguu imekufa lakini ulimi uko hai. Siku moja nikimfunga vifungo akaniuliza nimezaliwa wapi. Nikamwambia Siyu, kisiwa cha Pate, Kenya. Akauliza, kisiwani kwenu kuna nini? Nikamwambia kuna ngome, kuna mikandaa, kuna mafundi wa viatu vya ngozi, na ukitoka kwa miguu upande wa kusini unafika Shanga, mji uliokufa, kuta za mawe ya matumbawe ndani ya msitu. Nikamwambia utotoni tulikuwa tukipita pale tunanyamaza. Akanyamaza na yeye kidogo, kisha akasema, "Basi nenda Björkö." Jumapili iliyofuata nikaenda. Niliporudi kumsimulia alinishika mkono hadi nikachelewa kwa mgonjwa wa pili.

Sasa kuhusu huyo mwenzio wa kazini. Macho hayakumdanganya, ni majani na kondoo. Lakini mwulize mama yako kwa nini Shanga na Kilwa zina kuta na Birka haina, na yeye mwalimu atakujibu kabla hujamaliza: sisi tulijenga kwa jiwe la matumbawe na chokaa, wao walijenga kwa mbao, fito na udongo. Mbao zimeoza. Kilichobaki kiko chini ya nyayo zako.

Mkishuka gatini, mwongozaji atawapeleka mahali wanapopaita Svarta jorden, yaani Ardhi Nyeusi. Hapo ndipo mji ulipokuwa, kama hekta saba. Watu waliishi hapo tangu 750 hivi hadi karibu 975, na kwa miaka hiyo mia mbili na zaidi wakawa wanatupa mifupa, majivu, makaa, takataka za jikoni na za karakana, mpaka udongo wenyewe ukageuka rangi. Mwambie mama atazame popote majani yalipokwanguka. Ni mweusi kweli, si kahawia kama wa pembeni. Walikaa watu kati ya mia tano na elfu moja tu. Mitaa kama miwili ya Siyu ya leo. Wanaakiolojia walichimba kipande kidogo kati ya 1990 na 1995, na sehemu kubwa bado haijaguswa. Wewe usiguse pia: hata kokoto usitie mfukoni, na watoto uwaonye mapema, sheria ni kali na ni haki iwe kali.

Kisha mtaingia Hemlanden, makaburi. Hapa ndipo mimi ninapokaa muda mrefu kuliko pote. Ni matuta ya majani, moja baada ya jingine, makubwa na madogo, yapata 1,600 katika uwanja huo mmoja, na kisiwa kizima kina makaburi kama 3,000. Katikati yake kuna vichaka vya mreteni na ile miti ya gome jeupe, mbetula, kwa Kiswidi björk, iliyokipa kisiwa jina. Kondoo wanachunga juu yake. Nilipoona mara ya kwanza nilikasirika, kondoo juu ya makaburi? Baadaye nikaelewa kwamba bila wao msitu ungelifunika kila kitu, kama ulivyoifunika Shanga yetu.

Aliyeyafungua makaburi haya kwa mpango ni Hjalmar Stolpe, kuanzia 1871. Nuru, mtu huyu hakuja kutafuta wafu. Alikuwa mtaalamu wa wadudu, alikuja kutafuta kaharabu, kwa sababu ndani ya kaharabu hukutwa wadudu wa zamani. Akakuta vipande vya kaharabu mahali ambapo bahari isingevileta yenyewe, akajua vimeletwa na mikono ya watu, basi akabaki kuchimba zaidi ya miaka ishirini. Alifungua makaburi kama 1,100, na akayachora kwa uangalifu mkubwa sana kwenye karatasi ya mirabaraba, kila mfupa mahali pake.

Na uangalifu huo umelipa. Mwaka 1878 alifungua kaburi moja karibu na ngome: upanga, shoka, mkuki, mishale, farasi wawili, na kete za mchezo wa ubao. Kila mtu akasema huyu ni mpiganaji, mwanamume. Ikasemwa hivyo zaidi ya miaka mia. Mwaka 2017 wataalamu wakiongozwa na Charlotte Hedenstierna-Jonson walipima DNA ya mifupa, kumbe ni mwanamke. Binti yako, kama ana miaka 9 au 12, msimamishe hapo umsimulie. Hatalalamika.

Lakini kilichonishika mimi ni shanga, zile za kuvaa shingoni. Katika makaburi ya wanawake zimetoka shanga za akiki nyekundu, ileile akiki tunayoijua sisi, na wataalamu wanazifuata hadi Mashariki, Uajemi na Bara Hindi. Akiki ya Gujarati imeuzwa pwani yetu karne na karne. Nilisimama mbele ya kabati la kioo nikakumbuka bibi yangu Siyu alikuwa na tembe moja ya akiki iliyookotwa kwenye magofu mvua iliponyesha, aliifunga kwenye ncha ya leso. Sisemi zimetoka kwa fundi mmoja. Nasema mwanamke wa kisiwa hiki na mwanamke wa kisiwa kile, wasiojuana, walipenda rangi moja shingoni.

Na fedha. Birka imetoa sarafu za dirhamu zilizopigwa Baghdad, Samarkandi, Bukhara, Tashkenti. Zilipanda kwa mito ya Urusi, Volga na mingine, mkono kwa mkono. Huku hawakuzihesabu, walizipima. Ukimpa mtu nusu ya thamani, unaikata dirhamu kwa kisu. Ndiyo maana makaburini kuna mizani midogo ya kukunja na mawe yake. Sisi mpaka leo pesa tunaiita fedha, basi mama yako haitamchukua dakika kuona. Mwambie pia kwamba Mark Horton alipochimba Shanga miaka ya 1980 alikuta misikiti juu ya misikiti, wa chini kabisa ukiwa wa mwisho wa karne ya 8, na sarafu ndogo za fedha zilizopigwa papo hapo pwani. Karne ya 8! Miji miwili ya visiwani ilianza wakati mmoja, mmoja barafuni na mmoja kwenye mikoko, na fedha yenye maandishi ya Kiarabu ilifika kwa wote wawili. Shuleni kwetu Lamu hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilikuja kujifunza ugenini nikiwa na miaka 34.

Jambo moja usimfiche mama wala watoto. Wafanyabiashara hawa waliuza nini kupata fedha ile? Ngozi za manyoya, kweli, za wanyama wa kaskazini, na waliziwinda wakati wa baridi manyoya yakiwa mazito. Ardhi Nyeusi imejaa vidole vya mbweha na kindi, na wamekuta hata viatu vya mfupa vya kutelezea barafuni. Lakini waliuza na watu. Rimbert, aliyeandika maisha ya mmisionari Ansgar, anasema Ansgar alipofika Birka alikuta mateka Wakristo waliofurahi kumwona. Mimi natoka pwani ambako neno mtumwa bado lina moto. Yakiisha maelezo ya panga na meli, mimi huwa namwuliza mwongozaji, na hao mateka walizikwa wapi? Wengi wao hujibu kwa uungwana. Uliza na wewe.

Huyo Ansgar alikuja karibu 829, enzi ya mfalme Björn. Njiani maharamia walimpora kila kitu, na vitabu karibu arobaini vikapotea, akafika kwa miguu mikono mitupu. Kuna msalaba wa mawe wa kumkumbuka juu ya ngome tangu 1834, na kanisa dogo kisiwani tangu 1930. Ila mama yako atampenda zaidi Frideburg. Ni mwanamke tajiri wa Birka katika masimulizi yaleyale ya Rimbert, aliyekuwa amebatizwa na kushika dini yake wakati mapadri hawapo. Kabla ya kufa akamwambia binti yake Catla: sadaka yangu usiigawe hapa, hapa maskini ni wachache, ipeleke Dorestad (mji wa biashara, Uholanzi ya leo). Binti akavuka bahari, akagawa mpaka mfuko ukaisha, akatumia sarafu nne tu kununua mvinyo kwa sababu ya uchovu. Aliporudi alikofikia akakuta mfuko umejaa tena, pungufu ya zile nne. Mwenye kuamini aamini. Mimi nausoma wosia ule nasikia sauti ya mama yeyote wa kwetu akiagiza sadaka.

Maji. Mkiwa botini mwambie mama atie kidole ayaonje, hayana chumvi, ndiyo maji wanayokunywa watu wa Stockholm. Lakini wakati wa Birka hapa palikuwa ghuba ya bahari, na uso wa maji ulikuwa juu kama mita tano kuliko sasa. Zamani sana barafu nzito iliikandamiza nchi hii. Ilipoyeyuka nchi ikaanza kuinuka, na mpaka leo inainuka milimita chache kila mwaka. Bandari ya Birka leo ni majani makavu, unasimama mahali meli zilipofungwa. Njia ya kusini ya meli, pale Södertälje, ikapungua kina. Fedha ya Mashariki nayo ikaadimika, na mfalme akawa na mji mpya Sigtuna. Lipi liliua zaidi, wataalamu wanabishana. Mimi kila nikifika husimama kwenye ile bandari kavu nikasikitika kama kwa msiba wa mtu ninayemjua.

Goti: njia ya makumbusho, Ardhi Nyeusi na Hemlanden ni ya kupanda kidogo na kushuka, aende na fimbo, apumzike. Kupanda Borg, ngome ya juu, ndiko kugumu, kuna mawe. Juu unaona maji pande zote. Akishindwa abaki chini na mmoja wenu, hajapungukiwa.

Kupe! Sikiliza hapa vizuri. Safari ya pili nilivaa gauni na viatu vya wazi, nikakaa majanini nusu saa. Wiki mbili baadaye duara jekundu pajani, likipanuka kila siku. Nilidhani ni mzio nikapaka mafuta, mpaka muuguzi mwenzangu akaniona akanipeleka kwa daktari, nikala dawa za kuua vijidudu. Vaeni suruali ndefu, miguu yake mtie ndani ya soksi, na jioni kagua watoto nyuma ya magoti na makwapani. Kama mna nafasi, ulizeni kituo cha afya kuhusu chanjo ya ugonjwa wa ubongo unaoletwa na kupe, huku Mälaren wapo. Hiyo chanjo haizuii la duara jekundu, ni ugonjwa mwingine.

Sala msijali. Wudhuu mtachukua ziwani, kibla ni kusini-mashariki, na nyasi ni safi mkijiepusha na za kondoo. Chakula, mimi hubeba changu, chapati na mayai.

NuruYaTanga

Da BintiSiyu, nimesoma mara mbili, ya pili nikamsomea mama kwenye simu. Amenyamaza hadi nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Kata tiketi."

Swali moja: yeye amesikia kuna pete ilitoka Birka imeandikwa jina la Mwenyezi Mungu. Na mdogo wangu Muscat amemtumia video inayosema Waviking walikuwa Waislamu, nguo zao zimefumwa "Allah". Ni kweli?

Mwanafunzi_Uppsala

Shikamoo mama Nuru, na salamu kwa wote. Nasoma akiolojia, mwaka wa mwisho, kwa hiyo naomba niyatenganishe haya mawili, maana watu wanayachanganya kila siku.

Pete ipo. Stolpe aliitoa kwenye kaburi la mwanamke, ni ya fedha, na kito chake kwa muda mrefu kilidhaniwa kuwa amethisti. Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa baada ya kuichunguza kwa hadubini ya elektroni: kito ni kioo cha rangi, maandishi ni ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, na yamesomwa kama "kwa Allah" au karibu na hivyo, na fedha yenyewe haijasuguliwa sana, yaani haikupita mikono mingi kabla ya kufika. Hilo linaonyesha mawasiliano ya karibu na nchi za Kiislamu. Halithibitishi dini ya mvaaji. Mimi nina rafiki amevaa msalaba shingoni kwa kupenda umbo lake.

Habari ya nguo ni nyingine, ilitangazwa 2017 hapa hapa Uppsala. Wataalamu wa maandishi ya Kiarabu walipinga: mtindo ule wa Kikufi cha mraba ni wa karne za baadaye kuliko makaburi yenyewe, na sehemu ya herufi ilitokana na kukisia upana wa utepe ambao haujahifadhiwa. Kwa hiyo mwambie mdogo wako asisambaze.

Ajabu zaidi ni kwamba hatuhitaji kuzidisha. Dirhamu zimekutwa Sweden makumi ya maelfu, nyingi kabisa kisiwani Gotland, na nyingi zina shahada imepigwa wazi juu yake. Ibn Fadlan, mjumbe kutoka Baghdad, aliwaona wafanyabiashara wa Rus, yaani watu wa kaskazini waliopita mito ya Urusi, kando ya Volga mwaka 922 akawaeleza kwa macho yake. Na kwenye kisiwa kingine cha Mälaren, Helgö, kimekutwa kisanamu cha Buddha cha shaba kutoka upande wa bonde la Swat, Pakistan ya leo. Hakuna anayesema Waswidi walikuwa Wabudha.

Kama mna siku ya pili: kutoka Brommaplan, magharibi mwa Stockholm, kuna basi mpaka Munsö, na kivuko cha kwenda Adelsö ni cha bure kabisa. Hapo ndipo Hovgården, makazi ya wafalme, yakitazamana na Birka ng'ambo ya maji. Viwili hivyo vimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1993. Mfanyabiashara akae kisiwa kimoja, mfalme akae cha pili akimwangalia. Kuna vilima vikubwa vya kifalme, jiwe la runi, yaani herufi za kale za huku kaskazini, na mabaki ya jumba ambako karibu 1280 mfalme Magnus Ladulås alitoa amri iliyowaondolea kodi waliomtumikia kwa farasi, na tabaka la mabwana wa nchi hii likaanzia hapo. Gari linafika karibu, goti la mama litafurahi.

BintiSiyu

Ahsante mwanangu wa Uppsala, Mungu akufikishe. Lile la pete nilikuwa nimelisimulia vibaya kwa watu wengi, nitarekebisha.

NuruYaTanga

Tumerudi, jamani. Jumamosi iliyopita. Natimiza ahadi ya kuleta habari.

Mama alivaa suruali yangu ya kazini na soksi juu yake, pamoja na ushungi, na daftari la mistari mkononi kama anakwenda kukagua darasa. Kidole alitia majini kabla boti haijaondoka. Akasema, "Matamu." Västerbron ilipopita juu yetu alikuwa keshaandika ukurasa.

Pale Ardhi Nyeusi mwongozaji, kijana mpole, alieleza kwa Kiingereza na mimi nikafasiri. Mama alipoambiwa watu mia tano hadi elfu, aliuliza walipata wapi kuni. Mwongozaji akacheka kwa furaha, akasema hakuna mgeni amewahi kumwuliza hilo, akaanza kueleza habari za misitu ya bara na namna maisha ya kisiwa yanavyotegemea mashua kwa kila kitu. Walizungumza wao wawili, mimi nikiwa ulimi tu, karibu robo saa. Wageni wengine walikuwa wamesogea mbele.

Binti yangu alisimama kwenye kaburi la yule mpiganaji hadi nikamwita mara tatu. Anataka kujua farasi waliuawa vipi. Wa kiume alipenda zaidi nyumba za udongo, akasema zinafanana na jiko la bibi kule Pongwe, na mama akamwambia ndiyo, fito ni fito, akamwonyesha kwa kidole zinavyofungwa.

Borg hakupanda. Alikaa kwenye jiwe chini ya mbetula huko Hemlanden, matuta yamemzunguka, kondoo mmoja karibu kumlamba daftari. Nilipomrudia aliniambia nimwite mwongozaji. Swali lake lilikuwa moja: "Hawa wamelazwa wakielekea wapi?" Kijana akajibu kwamba wengi hawakulazwa, walichomwa, na tuta likafunika majivu. Wengine walizikwa ndani ya vyumba vya mbao chini ya ardhi, na baadhi kwenye majeneza. Mama akaandika yote. Akaniambia uliza la mateka. Da BintiSiyu, nikauliza kwa maneno yako. Akakaa kimya kidogo, akasema kuna makaburi ambayo hayana kitu ndani, hata ushanga, na hatuwezi kujua yote ni ya nani. Mama akafunga daftari. Tuliswali Adhuhuri hapo karibu na maji, sisi watano, maana msichana mmoja Msomali kutoka botini alituona akaja kujiunga.

Jioni nilikagua kila mtu, kupe mmoja tu, kwenye soksi ya mama, hajapenya.

Sasa tangu Jumamosi hasemi Birka tena, anasema Shanga. Amefundisha Kilwa miaka yote ile na Shanga hakuwahi kuitaja darasani, hilo linamuuma, analirudia kila tukila. Ametaka nikuulize: mtu akishafika Lamu, anafikaje huko? Anataka kwenda Desemba, na goti hilihili.

BintiSiyu

Mwambie mama shikamoo, nimelia nikisoma.

Lamu apande boti ya abiria inayokwenda upande wa Pate. Asipange kwa saa ya ukutani: mkondo wa Mkanda hupitika vizuri maji yakijaa, na kuingia Siyu kwenye mikandaa ni hivyohivyo, maji yakitoka boti inakaa kwenye tope mpaka yarudi. Aulize gatini siku moja kabla, wataangalia mwezi na kumwambia. Siyu alale usiku mmoja, nitakutumia faraghani namba ya shangazi yangu. Asubuhi mapema, kabla ya jua kukaza, ndiyo saa ya kwenda Shanga. Njia ni ya mchanga. Punda atapatikana, na mtoto wa kumshika punda pia. Avae zile soksi.